Tanzu za Michezo ya Video: Kitendo, Ala na Suala la Uainishaji

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna michezo ya video inavyoainishwa katika tanzu, pamoja na mchango wa mashine inayochezewa katika uainishaji huo. Hoja kuu ni kwamba utanzu wa mchezo wa video hautambuliwi kwa kisa, mandhari wala wahusika wake, bali kwa kitendo anachotakiwa mchezaji kukitenda. Na kwamba kitendo hicho huwekewa mipaka na ala, yaani konsoli, padi na kiwambo. Makala yanaonyesha kwamba kigezo hiki si kigeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kwa maana ndicho kinachotuwezesha kutenganisha hodiya na kimai, na ndicho kinachoifanya ngomezi kuwa utanzu unaojitegemea. Mwishowe, makala yanadai kwamba mchezo wa video wenye asili ya Kiswahili hautapatikana kwa kubadilisha mandhari pekee, bali kwa kutafuta kitendo ambacho tayari kimo katika sanaa zetu.

1.0 UTANGULIZI

Suala la uainishaji wa tanzu ni miongoni mwa masuala ambayo hayakosi kuzua mjadala katika semina za fasihi simulizi. Je, miviga ni maigizo, au ni muktadha tu ambamo maigizo hutendeka? Je, wimbo ulio ndani ya ngano uhesabiwe kuwa wimbo au sehemu ya ngano? Jioni moja, baada ya semina ya aina hiyo, mwandishi wa makala haya alipitia kwenye kibanda kimoja mtaani ambamo vijana hulipa kwa kila mechi ili wacheze michezo ya video kwenye runinga. Alipouliza ni michezo gani inayopatikana, mwenye kibanda alijibu bila kusita: "Kuna ya mpira, kuna ya magari, kuna ya kupigana, na kuna ile ya kumaliza misheni."

Jibu hilo fupi ni uainishaji kamili, na linastahili kuchambuliwa. Aina mbili za mwisho zimetajwa kwa vitenzi: kupigana na kumaliza. Aina mbili za kwanza zimetajwa kwa nomino, lakini tukichunguza tutaona kwamba nomino hizo zimesimama mahali pa vitenzi. Hakuna kijana anayelipa ili atazame magari. Analipa ili ayaendeshe. Hakuna anayelipa ili autazame mpira. Analipa ili aupige. Mwenye kibanda, ambaye yamkini hajawahi kusoma nadharia yoyote ya tanzu, aliainisha bidhaa zake kwa kigezo cha kitendo.

Makala haya yanalenga kuitetea hekima ya mwenye kibanda. Kwanza, tutafafanua istilahi. Pili, tutaonyesha kwa nini kisa hakitoshi kuwa kigezo cha kuainisha michezo hii. Tatu, tutapitia tanzu kuu na vitendo vyake. Nne, tutaangalia jinsi ala inavyozaa na kuua tanzu. Tano, tutajadili nafasi ya mchezaji kati ya fanani na hadhira. Hatimaye tutauliza swali linalotuhusu zaidi sisi wapenzi wa Kiswahili: je, lugha yetu ina nafasi gani katika sanaa hii ambayo kwa vijana wengi wa mijini imekuwa mlango wa kwanza wa kuingia katika ulimwengu wa visa na mashujaa?

2.0 UFAFANUZI WA ISTILAHI

Mchezo wa video, kwa maana itakayotumika hapa, ni mchezo unaoendeshwa kwa mtambo wa elektroniki ambapo mchezaji hutoa amri na kuona matokeo yake kwenye kiwambo papo hapo. Konsoli ni mashine iliyoundwa mahususi kwa ajili ya michezo hiyo, ama ya kuunganishwa na runinga au ya kushikwa mkononi. Hii ni tofauti na tarakilishi, ambayo hufanya kazi nyingi, mchezo ukiwa mojawapo. Padi ni kile kifaa chenye vitufe ambacho mchezaji hukishika. Kuhusu tanzu, tutafuata mazoea ya wasomi wetu ya kutumia neno 'utanzu' kwa kundi kuu na 'kipera' kwa kijikundi kilichomo ndani yake.

Inafaa pia tulitafakari neno 'mchezo' lenyewe. Katika Kiswahili tunacheza mpira, tunacheza bao, tunacheza ngoma, na tunakwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Mtu akitaka kukanya mzaha husema kwamba jambo fulani si mchezo. Neno moja linabeba ushindani, uigizaji, mwendo wa mwili na mzaha. Mwanazuoni wa Ufaransa, Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka wa 1958, aligawanya michezo katika makundi manne: michezo ya ushindani, ya bahati, ya kuiga, na ya kutafuta kizunguzungu. Kiswahili hakijayatenga hivyo, na katika suala hili kutotenga huko ni faida. Mchezo wa video ni ushindani na ni maigizo kwa wakati mmoja. Lugha yetu ilikuwa na neno la kuyabeba yote mawili kabla mashine yenyewe haijaundwa.

3.0 KISA HAKITOSHI

Msomaji wa fasihi andishi amezoea kutambua vipera vya riwaya kwa kuangalia maudhui. Riwaya yenye mauaji na mpelelezi ni riwaya ya upelelezi; yenye masuala ya ukoloni na vita vya ukombozi ni ya kihistoria. Je, njia hii yafaa kwa michezo ya video? Tutazame mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni uvamizi wa viumbe wa ajabu. Katika Space Invaders, mchezo uliotoka Japani mwaka wa 1978, viumbe kutoka angani huteremka kwa safu na mchezaji huwafyatulia risasi. Katika Doom, wa mwaka wa 1993, askari mmoja hupambana na mashetani kwenye miezi ya sayari ya Mirihi. Katika StarCraft, wa mwaka wa 1998, majeshi ya binadamu na ya viumbe wengine hupigania sayari za mbali. Kisa ni kile kile kwa jumla: binadamu dhidi ya wavamizi katika anga za juu. Hata hivyo, mchezaji hodari wa mmoja hahesabiwi kuwa hodari wa mwingine. Wa kwanza humtaka asogee kushoto na kulia huku akilenga juu. Wa pili humtaka atembee ndani ya majengo akiona kwa macho ya mhusika. Wa tatu humtaka achimbe madini, ajenge kambi na aamrishe vikosi kutoka juu kana kwamba ni jemadari mbele ya ramani.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mchezo wa FIFA, ulioanza kutolewa mwaka wa 1993 na ambao tangu mwaka wa 2023 unaitwa EA Sports FC, unahusu kandanda. Championship Manager, uliotoka Uingereza mwaka wa 1992, nao unahusu kandanda. Timu ni zile zile, wachezaji ni wale wale, ligi ni ile ile. Katika mchezo wa kwanza, mchezaji hupiga pasi, hupiga chenga na kufunga mabao. Katika wa pili hagusi mpira kamwe. Husajili, huuza, hupanga kikosi na kusubiri matokeo. Maudhui ni mamoja ilhali tanzu ni mbili.

Kwa upande mwingine, Tetris, mchezo uliobuniwa mjini Moscow na Alexey Pajitnov mwaka wa 1984, hauna kisa chochote. Vipande vya maumbo huanguka, mchezaji huvigeuza na kuvipanga ili safu zijae na kutoweka. Hauna mhusika, hauna mandhari, hauna dhamira iliyo bayana. Kigezo cha kisa kingetulazimu kuuacha nje ya uainishaji, na uainishaji unaouacha nje mmojawapo wa michezo mashuhuri zaidi duniani una kasoro.

Mtaalamu Mark J. P. Wolf, katika kazi yake ya mwaka wa 2001, aliorodhesha tanzu 42 za michezo ya video, na akashikilia kwamba kigezo kikuu kiwe namna mchezaji anavyoshirikiana na mchezo, si picha zinazoonekana. Idadi hiyo inaweza kubishaniwa, lakini kigezo kina mashiko. La kufurahisha ni kwamba wasomi wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kufika mahali pa namna hii kwa njia yao. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka wa 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitumia vigezo viwili: umbile na tabia ya kazi yenyewe, na muktadha pamoja na namna inavyowasilishwa kwa hadhira. Nyimbo ndizo zinazoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Hodiya huimbwa kazini, kimai huimbwa baharini, nyiso huimbwa jandoni, na bembezi huimbwa mtoto anapobembelezwa. Wimbo wenye maneno ya mapenzi ukiimbwa na watu wanaovuta jarife hauachi kuwa wimbo wa kazi kwa sababu ya maneno yake. Kinachouainisha ni kile ambacho mikono inafanya wakati kinywa kinaimba. Ndivyo ilivyo pia kwa mchezo wa video: kinachouainisha ni kile ambacho vidole vinafanya wakati macho yanatazama.

4.0 TANZU KUU NA VITENDO VYAKE

Hatukusudii kuorodhesha tanzu zote. Tutachagua zile ambazo kitendo chake kiko wazi na ambazo zina jambo la kumfunza mwanafunzi wa fasihi.

4.1 Kuruka

Mwaka wa 1981 kampuni ya Nintendo ilitoa Donkey Kong, mchezo uliobuniwa na Shigeru Miyamoto. Mhusika wake ni fundi anayepanda ngazi na kuruka mapipa ili amwokoe mwanamke aliyetekwa na sokwe. Mhusika huyo hakuwa bado ameitwa Mario. Katika mchezo huo aliitwa Jumpman, yaani Mrukaji. Mwanafunzi wa mofolojia atalitambua umbo hili mara moja: ni nomino ya mtendaji iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi. Mhusika alipewa jina la kitendo kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Hakuwa na nasaba, tabia wala historia. Jina la Mario lilipokuja na kutumika katika Super Mario Bros. mwaka wa 1985, kuruka kulibakia kuwa ndiyo nafsi yake. Kwa kuruka huua adui, huvunja matofali, huvuka mashimo na kufikia bendera. Kitenzi kimoja kinabeba mchezo mzima.

4.2 Kutafuta

Utanzu wa utafutaji ulianza bila picha yoyote. Karibu na mwaka wa 1976, Will Crowther, mtaalamu wa tarakilishi wa Marekani aliyependa kuzuru mapango, aliandika mchezo ulioitwa Adventure, ambao ulipanuliwa na Don Woods mwaka wa 1977. Mchezaji alisoma maelezo ya pango kwa maandishi, kisha akaandika amri ya neno moja au mawili: kitenzi na nomino. Chukua taa. Fungua mlango. Hapa hoja yetu inajidhihirisha bila kuhitaji tafsiri, kwani mchezo wote ulikuwa ni sarufi ya amri. Mchezaji aliyeandika kitenzi kisichojulikana na mashine alijibiwa kwamba hakueleweka. Msamiati wa vitenzi ndio uliokuwa mpaka wa ulimwengu huo.

4.3 Kupigana

Street Fighter II, wa mwaka wa 1991, ndio uliouimarisha utanzu wa kupigana kati ya watu wawili. Wahusika husimama ubavuni mwa kiwambo wakitazamana, na kila mmoja ana mbinu zake ambazo mchezaji hana budi kuzijua kwa vidole. Uzuri wa utanzu huu hauko katika ngumi bali katika kubashiri: mchezaji husoma nia ya mwenzake kabla haijatendeka. Si ajabu kwamba ndio utanzu unaozaa kelele nyingi zaidi kibandani, jambo ambalo tutalirejelea.

4.4 Kukua

Katika utanzu ambao mchezaji huvaa uhusika wa shujaa na kumlea, kitendo kikuu ni kukua. Asili yake ni mchezo wa karatasi na dadu wa mwaka wa 1974, Dungeons & Dragons; kwenye konsoli ulienea kupitia Dragon Quest wa mwaka wa 1986 na Final Fantasy wa mwaka wa 1987, yote kutoka Japani. Shujaa huanza akiwa dhaifu, hupambana, hupata uzoefu unaohesabiwa kwa tarakimu, na nguvu zake huongezeka. Msomaji wa tendi ataona tofauti na ulinganifu. Shujaa wa utendi, kama Fumo Liyongo, hutufikia akiwa tayari na nguvu zisizo za kawaida na udhaifu mmoja wa siri. Shujaa wa mchezo huu hufika mtupu, na nguvu zake ni jasho la mchezaji. Ndiyo maana kifo cha mhusika kama huyo humgusa mchezaji: amepoteza saa zake mwenyewe.

4.5 Kupanga

Civilization ya Sid Meier, ya mwaka wa 1991, humkabidhi mchezaji taifa changa na kumtaka alijenge kwa maelfu ya miaka. Hapa kitendo ni kupanga, kusubiri na kutoa hiki ili upate kile. Mchezaji wa bao hatauona utanzu huu kuwa mgeni. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 lina vitenzi vyake mahususi, kama vile kunamua, kutakata na kula, na mchezaji mzuri huhesabu mizunguko kadhaa kabla hajaigusa kete. Aliyekulia barazani penye bao ana maandalizi mazuri ya kuielewa michezo ya kupanga, ijapokuwa hakuna aliyemwambia hivyo.

5.0 ALA NA HATIMA YA TANZU

Katika uainishaji wa Mulokozi, ngomezi imesimama kama utanzu. Maneno yanayopigwa kwa ngoma yangeweza kutamkwa kwa kinywa, lakini yakishapigwa kwa ngoma huwa kitu kingine, kwa sababu ala imeyawekea masharti yake: lazima yafuate toni na yarudiwe. Ala si chombo cha kubebea sanaa tu. Ni mshiriki katika kuiumba. Kanuni hii inaeleza historia ya konsoli kuliko maelezo mengi ya kibiashara.

Konsoli ya kwanza ya nyumbani, Magnavox Odyssey, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, iliuzwa kuanzia mwaka wa 1972. Haikuwa na sauti, na iliweza kuonyesha madoa machache tu na mstari. Ili kupata mandhari, mnunuzi alibandika karatasi angavu ya plastiki juu ya kioo cha runinga. Doa lilikuwa lile lile. Karatasi iliyobandikwa ndiyo iliyolifanya liwe mpira au kitu kingine. Tangu mwanzo basi, mandhari yalikuwa vazi na kitendo kilikuwa mwili.

Miaka mitano baadaye Atari ilitoa konsoli iliyokuja kujulikana kama Atari 2600, ambayo michezo yake ilikuja kwenye kaseti za kubadilisha. Kumbukumbu yake ya muda ilikuwa baiti 128. Kwa kuwa herufi moja huchukua baiti moja, kumbukumbu hiyo isingetosha kuuhifadhi ubeti mmoja wa tarbia yenye mizani 16 kwa mshororo. Katika nafasi finyu kiasi hicho hapakuwa na mahali pa usimulizi mrefu; vilistawi vitendo vya kulenga, kukwepa na kukusanya. Ufinyu huo wakati mwingine ulizaa ufundi. Katika Space Invaders, kichakata cha mashine kililemewa na kuchora wavamizi 55 kwa pamoja, kwa hiyo walikwenda polepole. Kadiri walivyouawa ndivyo waliobaki walivyoongeza kasi. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, aliuacha udhaifu huo ubaki, na taharuki ikazaliwa. Wahakiki tungeliita jambo hili mbinu ya kujenga taharuki, bila kujua kwamba asili yake ni uchovu wa mashine.

Michezo ya awali ya kumbi za starehe ilitumia sarafu. Mwenye mashine alifaidika mchezaji aliposhindwa upesi na kutumbukiza sarafu nyingine, na hivyo kitendo kilikuwa kifupi na kikali. Konsoli ya nyumbani ilivunja sharti hilo. The Legend of Zelda, wa mwaka wa 1986, ulipouzwa Marekani mwaka uliofuata ulikuja kwenye kaseti yenye betri ndogo iliyohifadhi safari ya mchezaji hata mashine ilipozimwa. Sasa mtu aliweza kusafiri leo na kuendelea kesho. Ngano ya jioni moja ikawa hekaya ya usiku mwingi.

Mifano mingine inathibitisha hilo. Street Fighter II ulihitaji vitufe sita vya kupigia, ilhali padi ya Sega ilikuwa na vitatu tu. Mwaka wa 1993 kampuni hiyo ikatoa padi ya vitufe sita. Utanzu uliulazimisha mkono kubadilika. Game Boy, konsoli ya mkononi ya mwaka wa 1989, ilikuwa na kiwambo kidogo kisicho na rangi. Tetris, usiohitaji rangi wala muda mrefu, ukawa mwenzi wake wa halali. PlayStation, iliyotoka Japani mwaka wa 1994, ilitumia diski zenye nafasi kubwa kuliko kaseti, na kampuni ya Square ikaipeleka Final Fantasy VII huko mwaka wa 1997 katika diski tatu, baada ya kuitolea michezo sita ya mfululizo huo kwenye mashine za Nintendo. Doom ulizoea kibodi na kipanya. Kulenga kwa mtazamo wa mhusika kulistawi kwenye konsoli baada ya padi zenye vijiti viwili kuzoeleka, hasa kupitia Halo wa mwaka wa 2001: kijiti kimoja kwa miguu, kingine kwa macho. Nayo Wii ya mwaka wa 2006 ikaufanya mwili mzima kuwa padi.

Kibanda cha mtaani nacho ni ala, ijapokuwa si ya elektroniki. Mteja hulipa kwa mechi, na nyuma yake kuna wenzake wanaosubiri zamu. Mpira na kupigana hukamilika kwa dakika chache, na mshindi hujulikana. Mchezo wa kukua unaochukua makumi ya saa hauna nafasi hapo. Si kwamba vijana wetu hawapendi visa virefu; bei ya mechi ndiyo iliyowachagulia utanzu. Mtafiti atakayehukumu ladha ya vijana bila kuangalia namna wanavyolipa atakosea.

6.0 MCHEZAJI: FANANI AU HADHIRA?

Tumezoea kusema kwamba hadhira ya fasihi simulizi ni hai: huitikia, huuliza, huimba kiitikio, hata humkosoa mtambaji. Mchezo wa video unakwenda hatua moja mbele. Msomaji wa riwaya akisinzia, riwaya haibadiliki. Mchezaji akisinzia, mhusika hufa. Espen Aarseth, katika kitabu chake cha mwaka wa 1997, alizijadili matini za namna hii, ambazo humtaka msomaji afanye juhudi ya ziada kuliko kupitisha macho na kufungua kurasa. Kwa mtazamo wetu, mchezaji anafanana na mtambaji aliyerithi ngano. Kiini amekikuta, vipengele vya kudumu hawezi kuvibadilisha, lakini utendaji ni wake, na hakuna tendo mbili zinazolingana kikamilifu.

Ulinganisho huo una mpaka. Mtambaji huziona nyuso za wasikilizaji akajua mahali pa kurefusha na mahali pa kukatiza. Mashine hupokea vitufe tu, haioni uso. Kwa hiyo haitakuwa sahihi kudai kwamba mchezo wa video ni fasihi simulizi iliyohamia kwenye umeme.

Hata hivyo, mchezo huu waweza kujenga dhamira kwa njia ambayo kitabu hakiwezi. Katika Shadow of the Colossus, wa mwaka wa 2005, kijana anatakiwa kuyaua majitu kumi na sita ili msichana aliyefariki afufuliwe. Majitu mengine hayamchokozi mtu. Kila linapoanguka, muziki ni wa huzuni na mwili wa kijana unazidi kuharibika. Hakuna msimulizi anayemwambia mchezaji kwamba anafanya uovu. Anaujua kwa sababu ameutenda kwa mikono yake. Kitenzi kimegeuka kuwa dhamira.

Turudi kibandani. Huko hakuna hadhira moja bali mbili: anayecheza, na wale wanaomzunguka. Hawa wa pili hutangaza mechi, hukejeli, hujigamba kwa niaba ya timu zao na kutaniana kwa zamu. Tunapofundisha majigambo na malumbano ya utani, aghalabu tunatoa mifano ya mababu na jando. Tanzu hizo zingali hai umbali wa hatua chache kutoka lango la chuo, mbele ya runinga, na hazijakusanywa.

7.0 KISWAHILI MLANGONI

Mwaka wa 2005 Civilization IV ulitolewa ukiwa na wimbo wa ufunguzi uitwao Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa maneno ya Sala ya Bwana katika Kiswahili. Mwaka wa 2011 wimbo huo ulishinda tuzo ya Grammy, na ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Mpenzi wa Kiswahili ana haki ya kufurahi. Lakini hebu tutazame mahali wimbo huo ulipo. Unasikika kwenye ukurasa wa kuanzia, kabla ya mchezo. Mchezaji akishabonyeza kuanza, Kiswahili kinanyamaza. Lugha yetu imesimama mlangoni ikiimba vizuri, huku vitenzi vyote vya ndani vikitamkwa kwa lugha nyingine.

Wakenya wamejaribu kuingia ndani. Wesley Kirinya alikuwa miongoni mwa waanzilishi katika mwongo wa kwanza wa karne hii, na mwaka wa 2015 ulitoka Nairobi X, mchezo wa kulenga kwenye rununu ambamo jiji la Nairobi limevamiwa. Juhudi hizi ni za kupongezwa, kwani zinathibitisha kwamba ufundi upo. Lakini tukitumia kigezo chetu tunaona kwamba kuleta wavamizi Nairobi hakubadilishi utanzu. Kitendo kimebakia kile cha Doom. Ni karatasi ya Odyssey tena: mandhari mapya juu ya doa la zamani.

Je, tuna kitendo chetu? Tazama kitendawili. Kuna mtegaji na mteguaji. Kuna fomyula ya kufungua pambano: "Kitendawili!" "Tega!" Kuna nafasi ya kujaribu, na kuna adhabu: aliyeshindwa humpa mwenzake mji, naye mtegaji huuzuru mji huo na kujisifia kabla ya kutoa jibu. Hii ni kanuni kamili ya mchezo: changamoto, jaribio, gharama na tuzo. Mshindi hujikusanyia miji kama mtawala wa Civilization, lakini kwa kitenzi ambacho Civilization haina: kutegua. Mchezo wa video uliojengwa juu ya kitenzi hicho usingeweza kutafsiriwa kwa kubadilisha maandishi tu, kwa kuwa silaha yake ingekuwa sitiari za Kiswahili zenyewe. Anayetaka kushinda angelazimika kuijua lugha.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tanzu za michezo ya video hutambuliwa kwa vitenzi, na kwamba ala huamua ni vitenzi vipi vitakavyostawi na vipi vitakavyofifia. Yameonyesha pia kwamba nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili, hasa uainishaji wa nyimbo na ngomezi, ina zana za kulieleza jambo hili. Hatuhitaji kusubiri tuletewe zana kutoka nje. Tunahitaji kuzitumia tulizo nazo mahali ambapo hatujazoea kuzitumia.

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo matatu. Mosi, wanafunzi wakusanye majigambo, utani na utangazaji wa vibandani kama wanavyokusanya ngano na methali, kabla vibanda havijafungwa na kila mtu kubaki na rununu yake. Pili, istilahi za michezo hii zijadiliwe kwa kuanzia na zile zinazotumiwa na wachezaji wenyewe, badala ya kubuniwa ofisini. Tatu, wanafunzi wa Kiswahili na wale wa sayansi ya tarakilishi wakae meza moja. Wale wanajua jinsi ya kuifanya mashine itende. Sisi tunajua, au tunapaswa kujua, ni kitendo gani.

Mwenye kibanda alituonyesha kwamba mchezo ni kile unachokifanya. Swali linalobaki ni la watunzi wetu: katika mashine hizo, Kiswahili kitafanya nini?